Jitu la Kinamasi Linafungua Mdomo

Nahesabu hadi saba kama daktari alivyoniambia, na nane siifikii. Nimelala chali kwenye kitanda cha upasuaji, nimechomwa dawa ya usingizi, saa nne asubuhi, wanataka kukata kitu kilichoota kooni mwangu, na daktari hakunificha: sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Naogopa, nasema kweli. Miaka ishirini na mbili nakula kwa sauti hii kwenye banda la video, filamu ya Kizungu inakwenda na mimi pembeni na maiki natafsiri, Kiingereza chenyewe najua nusu, nusu natia chumvi, na watu wanaifuata hiyo chumvi.

Saba, na kitanda kimekuwa barabara. Barabara ya kijivu, miti myeusi, mikono yangu mwenyewe haina rangi, nami naijua barabara hii, nimeitafsiri mara mia: ni Jitu la Kinamasi, sehemu ya pili, ile ya zamani isiyo na rangi, ambamo Jitu lililozama katika sehemu ya kwanza linarudi na hakuna anayelitaka. Mbele yangu amesimama mtu mwenye tochi, kama wale waliokuwa wakituonyesha viti sinema, ila hana uso, pale pa uso pako laini kama sahani. Ndugu, namuuliza, njia ya kutokea ni ipi? Kitendawili, anasema. Tega. Ni yako, lakini jirani anaijua kuliko wewe. Nasema kisogo, nikijiona mjanja. Umeshindwa, nipe mji. Nampa Tanga, na papo hapo tunapita Tanga, nyumba zimetazamana mbili mbili kama kwenye kioo, hakuna hata redio inayolia. Anatega kilekile. Nashindwa, nampa Kilosa, nayo inakuja kimya. Nampa Morogoro yangu, na humo namwona mke wangu Somoe dirishani, anaongea na simsikii, na hapo ndipo najua jibu ni sauti, nataka kulitamka, mdomo unafunguka na hakitoki kitu.

Barabara inaishia kwenye daraja la mbao. Wanakijiji wameshika mienge, Jitu liko katikati, tope linalichuruzika, linafungua mdomo mara tatu. Hapa filamu haina maneno. Hapa ndipo mimi huwa nasema, nitawatafuna nyote pamoja na wakwe zenu, na banda zima linacheka. Leo sina la kuliwekea. Kwa mara ya kwanza nanyamaza na kulitazama, na naona halimtishi mtu, linaangalia ng'ambo, mkono umenyooshwa, kiganja juu. Linaomba kupita tu. Naona haya, mtu mzima mimi, miaka yote hiyo nimelisingizia. Nalishika mkono, ni wa baridi, nawageukia wenye mienge na kuwaashiria wapishe, ingawa najua wanaweza kutuchoma sote wawili. Bibi mmoja ananikazia macho, anashusha mwenge, anawaambia wenzake, huyu anasema mwenziwe anataka kwenda kwao. Ndivyo hasa nilivyotaka kusema. Wanapisha, tunavuka, na ng'ambo kuna mwanga mkali kiasi kwamba nafumba macho.

Nayafumbua. Dari nyeupe, pazia jeupe, sakafu ya kijivu, na sijui kama nimetoka kwenye filamu ile au nimeingia sehemu ya tatu. Somoe ameniinamia, nyuma yake nesi. Usiongee, baba Mwantumu, ananiambia, daktari kasema wiki mbili hata kunong'ona marufuku, baada ya hapo ndiyo tutajua. Nafungua mdomo, naufunga. Nataka maji. Somoe ananitazama vizuri, halafu anamgeukia nesi. Anasema ana kiu. Nashusha pumzi. Na anasema pia, anaendelea bila kupepesa jicho, kwamba alikosea sana kuninunia Ijumaa, na kwamba mke kama mimi hampati tena Morogoro nzima. Nesi anacheka hadi anashika kitanda. Sikusema hivyo hata kidogo. Namwashiria kwa mkono aendelee.