Mlango wa Mahafali

Jumatano ile Seremala alipiga msasa mlango mmoja tangu asubuhi, na mteja aliyekuja kuchukua kitanda akaambiwa arudi wiki ijayo. Ulikuwa mlango wa zamani, wa mbao ngumu, wenye mikwaruzo chini ambapo mbwa wa jirani alizoea kukwangua akiomba kuingia. Seremala aliifuta mikwaruzo yote isipokuwa mmoja. Akabadilisha bawaba, akatia kitasa kipya cha shaba, kisha akaupaka mafuta mara tatu, kila mara akiuacha ukauke kwanza. Fundi Viatu, ambaye meza yake ilikuwa pale pale nje ya karakana, alimuuliza mlango huo ni wa nani.

"Wa Msomi. Anahitimu Jumamosi."

"Kwani ana nyumba?"

"Ana chumba cha kupanga. Kina mlango wake."

Fundi Viatu aligonga msumari kwenye kisigino, akasema basi ni zawadi nzuri.

Msomi ndilo jina alilopewa binti huyo akiwa na miaka sita, kwa sababu alikuwa akisoma kwa sauti kila kibao cha njiani, hata vile vinavyokataza watu kukojoa. Sasa alikuwa amemaliza chuo, shahada ya mipango miji, na manispaa ilikwisha kumwita kazini kabla hata hajavaa joho. Baba yake alikuwa amelitangaza jambo hilo kwa kila aliyeingia karakanani, wakiwamo wawili waliokuja kuuliza njia tu.

Mlango wenyewe ulitoka kwenye nyumba waliyobomolewa miaka kumi na moja iliyopita. Manispaa ilisema barabara inapita. Tingatinga lilipofika, wenye nyumba walipewa nusu saa watoe vyao, na Seremala, badala ya kutoa kabati, alimaliza nusu saa nzima aking'oa mlango na fremu yake. Mkewe alisimama nje amekumbatia kichwa cha cherehani, akamwambia, "Baba Msomi, mlango umeubeba. Ukuta utautoa wapi?" Miezi miwili baadaye alifariki sebuleni kwa shemeji yake. Barabara haikupita. Mahali pale pakazungushiwa uzio, pakaota nyasi.

Jumamosi wazazi wengine walifika chuoni na maua. Seremala alifika na mkokoteni. Mlinzi wa geti alimwambia, "Mzee, na mlango huingii."

"Imeandikwa wapi?"

Mlinzi akaitazama orodha ya vitu vilivyokatazwa. Kulikuwa na silaha, chupa na wanyama. Mlango haukuwamo, na yeye alikuwa mtu wa kufuata maandishi, akafungua geti.

Seremala aliusimamisha kwenye majani, akaushikilia kwa mkono mmoja mpaka binti yake alipotoka na joho lake.

"Mwanangu," alisema, "mimi sina cha kukupa ambacho hawa hawajakupa. Huu ulikuwa wa mama yako. Siku ukijaliwa kujenga, anzia hapa."

Msomi aliinama akagusa chini ya mlango. "Umeacha mkwaruzo mmoja."

"Nimeuacha makusudi."

Wahitimu wenzake walipanga foleni kupigwa picha mbele ya ule mlango. Seremala alisimama pembeni kifua mbele, akiwakumbusha wasiegemee kitasa.

Vijana wanne waliupandisha hadi ghorofa ya tatu, kwenye chumba cha Msomi. Hapakuwa na pa kuuweka ila ukutani kando ya kitanda, na Seremala akaikaza fremu kwa skrubu sita ili isije ikamwangukia mtoto. Jumanne Msomi akampigia simu.

"Baba, njoo uuone mlango. Unafunguka."

"Ndiyo kazi ya mlango, mama."

"Nyuma yake ni ukuta, baba. Na unafunguka."

Seremala alidhani skrubu zimelegea. Akaja na bisibisi na pima maji, akazungusha kitasa. Upande wa pili kulikuwa na korido iliyopakwa rangi ya buluu hadi kiunoni, kisha sebule, na sebuleni mkewe alikuwa kwenye cherehani akimalizia kola ya shati la shule.

"Vueni viatu," alisema bila kuinua kichwa. "Ndiyo kwanza nimepiga deki."

Wakavua. Mama Msomi alikata uzi kwa meno, akamtazama binti yake kuanzia nywele hadi vidole vya miguu.

"Umerefuka. Shati hili halitakutosha."

"Nimemaliza chuo, mama."

"Umefaulu?"

"Daraja la kwanza."

"Najua. Nilikuwa nauliza tu." Akainuka kwenda kuteleka maji ya chai, na alipompita mumewe akasema, "Na wewe, ule ufa wa dari ulisema utauziba Jumamosi. Sikujua kama ni Jumamosi ya mwaka gani."

Seremala alikuwa na vifaa, akauziba siku hiyo hiyo. Walikunywa chai. Jioni alipokuwa akiteremka ngazi kurudi kwake alikaa kwenye kipago cha ghorofa ya pili, akakaa sana. Mpangaji mmoja aliyekuwa akipanda na ndoo alidhani mzee amechoka, akampitia pembeni.

Kuanzia hapo alikuwa akienda kila alipofunga karakana. Madirisha ya nyumba yalitazama mtaa wao wa zamani, na mtaa ulikuwepo wote. Fundi Viatu aliposikia, aliomba kuona. Alivua viatu, akamwamkia Mama Msomi, akatokea mlango wa uani, akahesabu nyumba tano, akaingia kwake. Alirudi na kalibu za mbao za kuundia viatu alizoziacha siku ya tingatinga, akasema kwamba kabati lake lipo na panya wake wapo. Baada ya wiki mbili, watu wote waliobomolewa walikuwa wakipanda ngazi zile kwenda makwao. Viatu vilipangwa kuanzia mlangoni kwa Msomi hadi ghorofa ya kwanza. Fundi Viatu akahamishia meza yake kwenye ngazi, na kazi haikumpungukia.

Msomi alikuwa katika miezi ya majaribio. Huko ofisini aliitafuta ramani iliyotumika kuwabomolea. Aliikuta siku ya tatu. Ilichorwa mwaka mmoja kabla ya tingatinga, na mahali ambapo yeye alizaliwa paliandikwa kwa herufi nadhifu: ENEO TUPU. Barabara haikuwemo. Saini ya chini ilikuwa ya Mkurugenzi wa manispaa, enzi hizo akiwa mpangaji miji wa kawaida. Msomi akampelekea.

"Ndiyo, hii ni yangu," Mkurugenzi alisema. "Tuliichora hapa hapa ofisini. Gari lilikuwa bovu, hatukuweza kwenda kukagua."

"Kulikuwa na nyumba mia moja na arobaini, mkuu."

"Inawezekana. Lakini ramani ilishapitishwa."

"Na barabara?"

"Ile ilikuwa pendekezo."

Alikuwa mtu mpole, na habari za nyumba hazikukawia kumfikia. Alhamisi iliyofuata alipanda mwenyewe ghorofa ya tatu, akavua viatu, akakaa kwenye kiti alichopewa. Akasifu chai. Akausifu na mlango, akauliza ni kazi ya nani, na Seremala hakuweza kujizuia, akamweleza habari ya mafuta kupakwa mara tatu.

"Nimeona kazi, mzee. Tatizo langu ni moja tu," Mkurugenzi alisema. "Nyumba ipo, na ramani inasema haipo. Kimoja lazima kirekebishwe."

"Rekebisheni ramani," alisema Mama Msomi.

"Ramani ina mihuri saba, mama."

Mama Msomi akamwongezea chai.

Notisi ya kubomoa ilihitaji saini ya mpangaji miji wa eneo lile, na mpangaji miji wa eneo lile alikuwa Msomi. Alikuja nayo nyumbani, akaiweka juu ya meza ya cherehani. Walikaa watatu wakiitazama. Seremala alitaka kumwambia asisaini, na alitaka kumwambia asichezee kazi. Akachukua bisibisi, akaanza kukaza skrubu za meza hiyo, ambazo hazikuwa zimelegea.

"Mama, unasemaje?"

"Mimi nilishabomolewa," Mama Msomi alisema. "Kalamu ni yako."

Msomi aliirudisha ile notisi kama ilivyokuwa. Hakufukuzwa. Alihamishiwa ghala la ramani, chini kabisa, chumba kisicho na dirisha, akapewa kitambaa cha kufutia vumbi. Notisi ilisainiwa na mwenzake wa meza ya pili, baada ya chakula cha mchana, bila kuisoma.

Tingatinga lilikwenda Jumatano saa tatu asubuhi, likaingia ndani ya uzio, kwenye nyasi. Kule ghorofa ya tatu afisa alisimama kwenye ngazi na saa yake mkononi, akatangaza nusu saa. Majirani walitoa magodoro na masufuria yao, wakipishana na wapangaji waliokuwa wakienda kazini. Safari hii Seremala hakugusa mlango. Alitoa cherehani, akatoa viti, akatoa picha ya ukutani, kisha akamrudia mkewe.

"Twende."

"Niende wapi? Mtoto mwenyewe ana chumba kimoja, tena cha kupanga."

"Basi na mimi nakaa."

Akakaa. Alimshika mkono, na mkono ulikuwa na joto la kawaida. Walisikiliza nyumba za mwanzo wa mtaa zikienda moja moja. Ilipofika ya Fundi Viatu, Mama Msomi aliutoa mkono wake.

"Toka, Baba Msomi. Usinikalie kama mgonjwa. Na huyo mtoto yuko huko ghalani peke yake, akisikia, nani atakuwa naye?"

Seremala alitoka, akafunga mlango, akasimama ameugusa kwa kiganja. Ulitetemeka kidogo, kisha ukatulia. Alipoufungua palikuwa na ukuta, na zile skrubu zake sita. Kwenye ngazi Fundi Viatu aliendelea kushona kiatu, ila sindano haikuwa na uzi. Dereva wa tingatinga aliandika katika taarifa yake kwamba yeye aliona nyasi tu, lakini bapa la mbele la tingatinga lilikuwa likikutana na kuta, na kwamba ameitekeleza kazi.

Ijumaa asubuhi Msomi alipogusa kitasa, mlango ulifunguka. Mama yake alikuwa akifagia.

"Leo msivue viatu," alisema. "Kuna vioo."

Nyumba ilikuwa imesimama, na ufa wa dari ulikuwa umerudi. Seremala alirudisha cherehani, akapanda kwenye kiti na plasta yake.

Manispaa ilipopata habari haikutaharuki. Iliingiza jambo hilo kwenye ratiba, na tangu wakati huo hubomoa Jumatano ya mwisho ya kila mwezi. Dereva siku hizi hupiga honi mara mbili kabla ya kuanza, ili mwenye chai jikoni aipue. Watu hutoa vyao, husubiri kwenye ngazi hadi Ijumaa, kisha hurudisha. Magodoro yamechakaa pembeni kwa kupita kwenye kona. Mama Msomi hubaki ndani kila mara, na kila mara mumewe hukaa naye mpaka anapofukuzwa. Walimu wawili wa mtaa ule waliandika barua ya malalamiko kurasa nne. Wakajibiwa kwamba malalamiko yao yamepokelewa, ila yanahusu eneo tupu.

Mwezi uliopita Seremala aliitwa manispaa kutengeneza droo za ghala la ramani, zilizokuwa zinakwama. Alifanya kazi asubuhi nzima. Binti yake alikuwa mezani na ile ramani mbele yake. Alimweleza kwamba kila Jumatatu huichora nyumba yao kwa penseli, kimraba kidogo kama punje ya mchele, na kila Ijumaa mtu wa ghorofa za juu hushuka akaifuta, taratibu, akamwaga na yale makombo ya kifutio kwenye ndoo. Hawajawahi kuzungumza juu yake. Karatasi mahali pale imekonda hata taa inaonekana.

Seremala aliweka patasi chini, akavaa miwani, akainama.

"Umechora vyumba viwili?"

"Viwili."

"Na ua?"

"Na ua, baba."

Akaitazama kwa muda mrefu, kwa jicho la mtu anayepima mbao.

"Kazi nzuri," alisema. "Ila ukuta wa kaskazini umeuingiza ndani kidogo. Hapo mama yako hawezi kupitisha cherehani."

Msomi akachukua rula, akaurekebisha. Ilikuwa Alhamisi mchana.