Kanga Nayo Ina Saratani?

Uvumi ulianzia stendi ya Buzuruga, na Teodora akashindwa kuutoa kichwani: Chenge, muuza dawa wa mtaani, ana dawa ya saratani inayojitafutia ugonjwa yenyewe. Eti ni vumbi la chuma, laini kuliko unga, limebebeshwa dawa. Mgonjwa akishalinywa, sumaku inalivuta hadi kwenye uvimbe, likauonyesha na kuutibu hapo hapo.

Taya la kushoto la binti yake Wilhelmina, wa miaka saba, lilikuwa limevimba wiki ya tatu sasa. Hospitali walisema ni saratani, wakataka aanze sindano Jumatatu.

"Sindano zitamnyonyoa nywele zote, mama Mina," jirani yake Paskazia alimwambia. "Kwa Chenge ni kikombe tu."

Enzi hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, kila chumba kiligeuka duka la dawa. Teodora akampeleka Mina; Chenge alikuwa amevaa koti jeupe. Alimpaka mtoto mafuta meusi kwenye uvimbe, "ya kufungua njia," akamnywesha funda moja kutoka kopo lisilo na jina, kisha akasogeza sumaku. Ikanata shavuni.

"Umeona? Dawa imefika!"

Teodora nusura apige vigelegele. Lakini yeye kazi yake ilikuwa mashine ya kusaga, ambako sumaku hukaa mdomoni mwa mashine kunasa misumari iliyomo kwenye mahindi. Kila jioni aliifuta, ikiwa imeota vumbi jeusi la chuma kama ndevu. Jeusi kama mafuta yale.

Akafuta shavu la mtoto kwa pindo la kanga, akalisogeza kwenye sumaku. Pindo likaruka, likang'ang'ania.

"Na kanga yangu nayo ina saratani?"

"Mama, wewe wa darasa la saba unampima daktari?"

"Napima mafuta yako, baba. Mina, usinywe tena! Twende."

Jumatatu daktari wa hospitali alisikiliza bila kucheka. "Wataalamu wa nje wanaijaribu dawa ya namna hiyo," alisema, "lakini bado. Hakuna anayeiuza kwenye kopo."

Mina alinyonyoka nywele kweli, akalia, wenzake wakamwita kipara. Uvimbe ukashuka. Pasaka akatafuna hindi la kuchoma, upande ule ule wa kushoto.

Wewe mwenye mtoto, epuka haya:

Dawa ya kunywa isiyo na jina kwenye kopo.
Daktari asiyetaka uulize.
Kupakwa kitu kabla ya kupimwa.
Kuahirisha hospitali "tujaribu hii kwanza."
Kuogopa nywele kuliko uvimbe.