Mwenyekiti Ndani ya Gauni la Mteja

Kufikia saa nne asubuhi Mideva alikuwa amegundua kwamba gauni lile lilimruhusu mambo mawili tu: kuketi wima kama aliyemeza ufito, na kupumua kwa juu juu kama kuku wa sokoni. Kuinama lilikataa. Kucheka lilikataa kabisa, na hapo ndipo palipokuwa na taabu, kwa sababu mkutano wa mafundi wa cherehani usio na kicheko si mkutano, ni matanga.

Lilikuwa gauni la zambarau iliyoiva, mikono mirefu, zipu ya kujificha iliyopanda mgongo mzima. Alilishona yeye mwenyewe, uongo haukuwa hapo. Uongo ni kwamba alilishonea mwili wa mteja wake Anyango, Mama Clare wa mtaa wa Pipeline, mwanamke aliyenyooka kama kijiti cha aiskrimu. Yeye Mideva, Mungu alimkadiria kwa mkono mkunjufu. Asubuhi ile bintiye Shirleen alimwekea goti mgongoni ndipo zipu ikakubali kupanda.

"Mama, usipumue," Shirleen alisema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka urudi."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mara moja kwa mwaka, tawi la Makongeni la chama cha mafundi wa mavazi hukutana katika ukumbi wa kanisa kwa siku ya Kuvaa Mkono Wako. Kila mwanachama huja na nguo aliyojishonea mwenyewe, akapita mbele, wenzake wakamgeuza pindo na kumkagua ndani, maana nje hata shetani anaweza kupiga pasi. Desturi nzuri, lakini ina ukatili wake. Fundi hana nguo. Muulize yeyote. Kitambaa chake hulala chini ya meza. Kila akikishika, mteja anabisha hodi na sare ya mtoto wa shule. Cha Mideva kilikuwa kimeshachorwa chaki, kimebaki kukatwa tu, panya akajifungulia humo.

Sasa yeye, mwenyekiti wa tawi, aende mbele ya watu na blauzi ya mwaka juzi? Gauni la Mama Clare lilikuwa limening'inia pale ukutani, limekamilika, likimtazama. Lilitakiwa kuvaliwa Jumapili, wageni wakija kumposa Clare. Mwenyewe angelichukua Jumamosi hiyo hiyo ya mkutano, jioni. Mideva akajiambia: nalivaa asubuhi, mchana nimelivua, nalipitisha pasi, nani atajua.

Sheria ya tawi ilikataza mwanachama kuvaa nguo ya mteja, hata ya kujaribu tu mbele ya kioo. Aliyeipigania hiyo sheria hadi ikapita ni Mideva, tena kwa sauti ya kusikika mpaka Jogoo Road. Na mkutano uliopita, baada ya Triza wa Mukuru kwa Reuben kuonekana harusini na suti ya mteja, aliyesema asimamishwe ni nani? Huyo huyo. Leo, baada ya maonyesho, Triza alikuwa anakuja kuomba arudishwe, na wa kuongoza kesi alikuwa mwenyekiti wetu, amekaa ndani ya zambarau ya watu.

Zamu yake ya kupita mbele ilipofika, Kageha, mweka hazina, aliinua pindo akachungulia upande.

"Mwenyekiti, mbona umeacha kitambaa kingi hivi kwenye mshono?"

"Nimejiachia nafasi."

"Nafasi iko ndani, wewe uko nje. Si ungeilegeza?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mideva akatabasamu kwa meno ya mbele tu, maana ya nyuma yangehitaji hewa. Wasike, mwandishi wa tawi na mwanaume pekee katika kundi lile, akamwambia asimame hapo hapo, akampiga picha kwa simu.

Alirudi kwenye kiti cha mbele jasho likimteremka. Akajitupia shali mabegani, akapeleka mkono nyuma kwa siri ashushe zipu kidogo, apate pumzi ya kumaliza ajenda. Zipu haikusogea. Akavuta tena. Ikakaza.

"Imekula bitana," sauti ikasema nyuma yake, polepole. Ilikuwa ya Triza. "Kile kitambaa cha ndani kimeingia kwenye meno."

"Nyamaza, Triza."

"Mimi nimenyamaza. Ni mgongo wako unaoongea."

Mideva hakugeuka. Hata angetaka, gauni lisingekubali. Hapo ndipo alipoanza kuhesabu njia zake, akakuta zimeisha. Kuondoka hawezi, yeye ndiye mwenyekiti. Kuomba msaada hawezi: fundi yeyote akiligusa gauni lile kwa vidole vyake atajua halikupimwa kwenye kifua hiki. Na kulikata je? Kesho linavaliwa.

"Mwenyekiti, umevuma," Wasike akasema kwa furaha, macho kwenye simu. "Nimekuweka kwenye status, watu wanakusifu hapa."

"Itoe."

"Kwa nini? Umependeza. Hata yule mteja wako, Mama Clare, si huwa ananipa suruali za mumewe nipunguze? Ameiona. Ameuliza mkutano uko wapi."

"Ukamwambia?"

"Nikamwelekeza vizuri. Amesema yuko njiani."

Mideva aliinuka kama mbao inayoinuliwa, akasema mkutano unapumzika kidogo, akaenda msalani. Triza akamfuata. Hakuitwa, lakini kila tawi lina mtu mmoja wa zipu, na wa Makongeni alikuwa Triza. Hata waliomsimamisha walikuwa bado wanampelekea zipu zao kwa mlango wa nyuma.

Msala wenyewe ulikuwa chumba kimoja chembamba chenye mlango wa bati, upande wa pili wa ukuta wa ukumbi. Wakajibana humo wawili, Mideva uso ukutani.

"Nikate bitana, uko nje sasa hivi," Triza alisema.

"Usikate kitu. Wageni wa Clare wanakuja kesho."

"Basi vuta tumbo na uombe." Triza alitoa kipande cha sabuni kwenye mkoba, akakisugua kwenye meno ya zipu, akaanza kunyofoa bitana kwa ncha ya pini, uzi mmoja baada ya mwingine. "Mimi ile suti niliivaa nikaivua. Wewe mwenzangu umetaka kuishi humo."

"Unafurahi."

"Kidogo. Tulia, nisikuchome."

Ukutani walisikia mlango wa ukumbi ukifunguliwa, kisha sauti ya Anyango, tulivu, sauti ya mtu aliyekuja na hasira yake akiwa ameikunja vizuri.

"Hamjambo. Namtafuta fundi Mideva. Nimekuja kuchukua gauni langu la zambarau, la mikono mirefu."

Mafundi wote mle ndani walikuwa wamelishika pindo. Ukimya ule ulimbana Mideva kuliko zipu.

Viatu vikaja mpaka kwenye bati.

"Fundi, uko humo?"

"Niko, Mama Clare."

"Na gauni langu?"

"Niko nalo."

Triza akamnong'oneza sikioni, "Sema ulikuwa unalijaribu uone linavyoanguka. Nitakushikilia. Tutasema ni kazi." Wakati huo huo zipu ikalegea, ikateleza mpaka chini, na Mideva akavuta pumzi yake ya kwanza tangu asubuhi. Pumzi ikamletea akili, na akili ikamletea habari mbaya: alikuwa ametoka nyumbani na gauni hilo tu. Chini yake kulikuwa na petikoti, na shali ilibaki kitini.

Akasimama hapo. Angeweza kusema ule uongo. Ulikuwa mzuri, umekatwa vizuri, ungemkaa. Lakini angelazimika kutoka akiwa ndani ya gauni, aupitishe mbele ya wote, halafu aketi kitini amhukumu huyu aliyempiga sabuni mgongoni.

"Mpe," akasema, akilivua. "Mwambie nililivaa."

"Mwambie wewe. Mimi nimesimamishwa, sina ruhusa ya kusema kwa niaba ya tawi."

Mideva akafungua mlango kiasi cha mkono, akalitoa nje.

"Nililivaa, Mama Clare. Sikuwa na nguo ya kuja nayo. Halikuchanika."

Anyango alilipokea. Akalipekua mshono kwa mshono.

"Linanuka wewe," alisema mwishowe.

"Nitalifua sasa hivi, litakauka."

"Nitalifua mwenyewe. Na mimi nilivyowatambia mashemeji kwamba gauni hili halijaguswa na mwili wa mtu." Akalikunja mkononi. "Clare akiolewa utanishonea lingine. Na nitakuja kukaa hapo kando ya cherehani mpaka uzi wa mwisho."

Viatu vikaondoka. Kutoka ukumbini Kageha akamwita Triza aje, kesi yake inasikilizwa.

"Nitakutafutia leso ya kujifunga," Triza alisema.

"Nenda. Wanakungoja."

Mlango wa bati ukafungwa. Mideva akabaki na petikoti, sikio ukutani.

"Sina maneno mengi," alimsikia Triza akisema. "Niliivaa kwa sababu sina nguo. Nani hapa anayo?"

Viti vililia, watu wakajigeuza. Wasike, aliyeshika nafasi ya mwenyekiti, akakohoa, akasema sheria ni sheria, na sasa walioivunja ni wawili, Triza na mwenyekiti. Basi wanaotaka wote wawili wakae nje mpaka mwaka uishe, wanyooshe mikono.

Mideva akamsikia akisema hakuna mkono hata mmoja. Kisha Wasike akauliza wanaotaka Triza arudi leo, na mwenyekiti peke yake akae nje.

Mle ndani, kati ya ukuta na bati, Mideva aliunyoosha mkono wake mpaka juu kabisa. Hakuna aliyemhesabu. Aliushikilia hapo mpaka aliposikia watu wakianza kuongea tena, kisha akaushusha, akakaa kusubiri mtu wa kukumbuka leso.