Mtoto Aliyefika Peke Yake

Kwa siku ya nne mfululizo Fundi alikuwa kwenye foleni ya dirisha la waliowasili, na joto la mwanawe lilikuwa likipenya mbeleko hadi mgongoni kwake. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, na kifua chake kilikuwa kikikoroma tangu walipovuka mpaka. Zahanati ya kambi ilikuwa hatua mia tu kutoka pale. Dawa zipo, muuguzi yupo. Lakini mlangoni aliketi mlinzi mwenye swali moja mdomoni: kadi iko wapi? Usiye na kadi, hata ungefia kizingitini, ungeambiwa usizibe njia.

Jina la Fundi lilitokana na cherehani. Katika miaka sita aliyoishi kambi hii hii mara ya kwanza, aliwatilia viraka nusu ya watu waliokuwemo, suruali za makarani zikiwemo. Kisha yakaja magari ya vipaza sauti yakitangaza kwamba kwao kumetulia, na kila anayerudi atapewa mabati na mbegu. Fundi akatia dole gumba kwenye fomu. Mabati aliyapata kweli, akaezeka, akamzaa mtoto huyu chini yake. Mwaka wa nne, waliokuja kuichoma nyumba hawakuuliza mabati yalitoka wapi. Alimzika mumewe, akafunga mbeleko, akarudi kwa miguu.

Karani wa dirishani alimkumbuka vizuri. Alikuwa kijana mwema, na hilo ndilo lililomuudhi Fundi zaidi. Mtu mbaya angemtukana yakaisha.

"Dada Fundi, jana nilikwambia na juzi nilikwambia," alisema. "Dole lako likigusa mashine, inasema umerudi kwenu."

"Si nimekuja tena? Hunioni?"

"Mimi nakuona. Mashine ina mgeni, ina mkazi, ina aliyerudi kwao. Aliyerudi kwao habadilishwi mpaka makao makuu waseme. Barua nimepeleka, hawajajibu."

Ukutani nyuma yake ilibandikwa karatasi kubwa yenye mstari mwekundu uliopanda, kisha ukashuka taratibu hadi karibu na chini. Fundi aliuliza ni kitu gani. Karani alieleza kwa aibu kidogo kwamba ile ni hesabu ya wanaowasili, mwaka hadi mwaka. Wafadhili walikuwa wanakuja Alhamisi, na mkuu wa kituo hakutaka kuuona mstari ukipanda, maana ukipanda itaonekana watu walirudishwa mapema.

Fundi aligeuka kuitazama foleni. Ilizunguka jengo na kupotelea nyuma ya matangi ya maji. Wengi wao aliwajua kwa sura. Walipanda naye magari yale yale siku ya kurudishwa. Akarudisha uso dirishani, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza tena kukohoa.

Karani aliinama karibu na dirisha. "Huyu mtoto hayumo kwenye mashine. Huyu ni mgeni."

"Basi mwandike."

"Mtoto anaandikwa chini ya mzazi, na mzazi wake mashine inasema yuko kwao." Akapunguza sauti. "Ila kuna fomu ya mtoto aliyefika peke yake. Kadi inatoka sasa hivi."

Fundi aliuliza, halafu? Karani alisema, macho yakiwa mezani, kwamba atatibiwa leo leo, akipona atapelekwa kituo cha watoto mpaka apatikane mlezi. Na mlezi hawezi kuwa yeye? Mlezi lazima awe na kadi.

Alitamani kupenyeza mkono dirishani amkabe yule kijana. Badala yake alifungua fundo la mbeleko.

Karani alimpitisha mtoto mlango wa pembeni, akamkalisha kwenye kiti cha kupigia picha za kadi, kando ya mashine. Fundi akaambiwa asimame kule nyuma ya kamba pamoja na wenzake wa foleni, asimwite, asimpungie. Alisimama. Mikono haikujua pa kwenda, akaikunja kifuani.

Ndipo msimamizi akatoka ofisini, mama mmoja mwenye miwani na faili kwapani, akasema fomu za namna hii huulizwa mbele yake. Aliinama mbele ya kiti, akalainisha sauti.

"Mwanangu, mama yako yuko wapi?"

Mtoto alikohoa kwanza. Kisha akainua kidole, akakielekeza ng'ambo ya kamba, moja kwa moja.

Msimamizi akaunyoosha mgongo. "Anamwonyesha nani?"

Karani aliinamia mashine. Wanawake wa foleni waligeuza vichwa kumtafuta huyo anayeonyeshwa. Fundi naye akageuka, akatazama nyuma yake.