Ukungu Mbele ya Sinki

Mama mkwe alipozikwa, mwanawe na mkewe walihamia kwenye nyumba yake ili baba mzee asibaki peke yake. Aliwaonyesha chumba, akarudi kwenye kiti chake sebuleni.

Jikoni kulikuwa na kaunta ndefu ya graniti nyeusi, chini ya dirisha. Marehemu aliifanya kioo chake. Humo ndimo alimoweka sawa kilemba kabla ya kuwafungulia wageni. Sasa mkamwana akaona kwamba mbele ya sinki, pale pale aliposimama marehemu miaka yote, jiwe limeingia ukungu. Weupe hafifu, kama mtu ameliinamia akalipumulia. Aliufuta kwa kitambaa cha maji, ukatoweka. Jiwe lilipokauka, ukarudi.

Kila alipotoka kazini aliukuta umezidi, na jikoni kunanuka siki. Yeye siki hakuigusa. Marehemu ndiye aliyekuwa akiitia kwenye kila maji ya kusafishia.

"Huyo ni mama," mume wa mkamwana alisema, wala hakuwa anatania. Tangu hapo chai yake akawa anainywea barazani.

Mkamwana hakuwa mtu wa kuamini mizimu, lakini alijikuta akipiga hodi kabla ya kuingia jikoni kwake mwenyewe.

Mwishowe alimwita fundi wa mawe, jamaa mrefu aliyezoeleka kwa jina la Msasa. Msasa alidondosha maji kwenye jiwe. Upande wa jiko matone yalisimama kama shanga. Mbele ya sinki yalinywewa, yakaacha doa jeusi. Akaukwaruza weupe kwa ukucha, ukatoka kama nta.

"Hii ni sabuni juu ya sabuni, haisuuzwi," alisema. "Maji yenu nayo yana chumvi, yakijikaukia yanaacha weupe wake. Na siki imekula dawa ya kuzuia maji iliyopakwa juu ya jiwe. Nani anaosha hapa?"

"Mimi. Kwa maji matupu."

Msasa alimtazama. "Basi una mwenzako."

Maneno hayo yalimnyima raha. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akarudi mchana na kuingia kwa mlango wa nyuma. Safari hii hakupiga hodi.

Baba mkwe alikuwa kwenye sinki, amevaa aproni ya marehemu, povu limempanda hadi viwikoni. Alisugua jiwe taratibu huku akizungumza kwa sauti ya chini. Kisha akasogea kushoto, kama anayempisha mtu. Akakunja kitambaa kikavu vizuri, akakiweka kando, akangoja.

Mkamwana alimwita kutoka mlangoni. "Baba."

Mzee hakushtuka. "Mimi naosha, mama yenu anakausha," alisema. "Ndivyo tulivyogawana. Siku hizi hakaushi. Sijui nimemkosea nini."

Mkamwana alimshika mkono, akampeleka sebuleni.

Msasa alirudi na vifaa vyake. Alisuuza jiwe kwa maji ya uvuguvugu, akalifuta kwa asetoni, dawa ya kuyeyusha utando, baada ya kuijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Akasema waliache likauke kabisa, maana unyevu ukibaki ndani, dawa itafungia ukungu humo humo. Lilipokauka alipaka dawa mpya, akafuta ya ziada upesi isije ikagandia juu na kuleta weupe mwingine.

Kaunta iling'aa. Mume wa mkamwana alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mzee alikuja, akaliinamia jiwe, akajitazama kwa muda mrefu.

"Alikuwa hapa," alisema. "Sasa nipo mimi tu."

Baada ya hapo hakukanyaga tena jikoni. Chakula alikigusa tu na kukirudisha. Mkamwana alipopita mbele ya jiwe lile safi alijisikia kama amemzika mama wa watu mara ya pili.

Jumapili moja alimfuata sebuleni. "Baba, njoo uoshe. Matone machache tu ya sabuni, siki hapana. Mimi nitakausha."

Mzee akanyanyuka. Aliosha polepole, akasuuza vizuri. Mkamwana akachukua kitambaa, akaanza kukausha kando ya jiko.

"Unaanzia pabaya," mzee alisema. "Mama yenu huwa anaanzia dirishani."

Mkamwana hakumsahihisha. Alikwenda dirishani, akaanza upya.