Nia ya Nesi Klara

Jumamosi ile jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwa Mama Nelly, muuza dagaa wa mtaani Nyasubi. Tangu alfajiri binti yake Ritha, wa kidato cha tatu, alikuwa amefagia uwanja, ameazima mabenchi kwa majirani na kubandika chai ya tangawizi. Dada yake, Nelly, alikaa mlangoni akimnyonyesha mtoto. Mimba ya mtoto huyo ndiyo iliyomtoa Nelly shule.

Ritha hakutaka yamkute hayo. Alikuwa na mpenzi, Boaz, hilo hakulikataa, na alitaka kumaliza shule. Ndiyo maana alikwenda zahanati, nesi Klara akamwekea kijiti cha kuzuia mimba chini ya ngozi ya mkono wa kushoto. Alipomaliza kumfunga bandeji alimwambia, "Hili ni la mimi na wewe tu." Ritha akaamini, maskini. Hata akamshauri rafiki yake Esta naye aende Jumatatu akawekewe, kwamba yule nesi hana maneno.

Zikaanza nia, kila mmoja akitaja la kuombewa. Wakawaombea wagonjwa, wakaomba mvua, wakawaombea wachimbaji waliofukiwa na kifusi. Kisha Klara, naye wa jumuiya hiyohiyo, akafumba macho.

"Tuwaombee mabinti zetu wa shule. Hasa mmoja, simtaji jina, mama yake anamlea peke yake kwa jasho, dada yake alishaanguka, na yeye juzi kaja kuwekewa kijiti. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia, na sauti ya Mama Nelly ilizidi zote. Kisha akaelewa. Jumuiya nzima ilikuwa na nyumba moja tu ya namna hiyo, na ndiyo waliyokuwa wamekaa. Wanawake wakainamia mkeka. Vikombe vya chai vikarudi jikoni vikiwa nusu.

Walipoondoka, mama akaushika mkono wa Ritha, akaupapasa mpaka kidole kikakikuta kijiti.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Mama, mimi sijamwambia mtu. Aliyesema ni nesi."

"Nesi ameomba. Jumatatu kinatoka."

"Na nikipata mimba kama dada?"

Nelly aliinua macho, akayarudisha kwa mtoto.

"Nelly alipopata mimba watu walikuja kunipa pole," mama akasema. "Kwa hili watanicheka."

Jumatatu wakaenda. Klara aliwapokea vizuri, akamvutia mama kiti. Ubaya wa jambo hili ni kwamba yule mwanamke hakuwa na roho mbaya. Angekuwa nayo, Ritha angejua amchukie vipi.

"Ulisema ni la mimi na wewe tu," Ritha akamwambia.

Klara alishangaa kweli. "Kwani nilikutaja, mwanangu? Nilimwambia Mungu. Na mimi ni mzazi, ningenyamazaje?"

"Basi sitaki kitoke."

"Mama yako ameshasema."

Mganga mfawidhi, bosi wa zahanati, alichungulia mlangoni. Klara akamweleza yote, palepale, mlango ukiwa wazi. Bosi akatikisa kichwa. "Vizuri mama umewahi," akasema, akaendelea na safari yake.

Ikapigwa ganzi, ngozi ikachanwa kidogo, kijiti kikatoka. Kilikuwa chembamba, laini, hakina hata urefu wa kidole. Mama alikiangalia kwenye sahani kama mtu aliyetolewa mwiba. Ritha hakulia. Alikuwa na hasira, na hakuona mtu wa kumpelekea, maana wote waliokuwa wa kumsikiliza walikuwa mle ndani.

Nje, kwenye benchi, alikuwepo Esta. Alikuwa amejifunga khanga juu ya sketi ya shule. Aliiangalia bandeji mpya ya Ritha, akamwangalia mama aliyetangulia mbele, akauona ule mlango ulioachwa wazi.

"Na wewe, binti?" Klara akaita akifuta mikono. "Njoo, usiogope. Una shida gani?"

Ritha akasimama. Alimtazama Esta, akatikisa kichwa mara moja, polepole.

"Kichwa, mayu," Esta akamjibu nesi kwa heshima. "Kichwa tu kinaniuma."

Klara akampa Panadol, akamwambia anywe maji mengi.