Fundo la Mkanda

Jumamosi alasiri mafundi waliyatoa magari gerejini, wakamwaga maranda juu ya oili iliyotapakaa, na bendi zikaingia na magitaa yao. Zilikuwa bendi za vijana waliopenda roki ya miaka ya sitini: suruali za kubana, nywele hadi kwenye nyusi, amplifaya zinazokoroma kama mzee aliyeshiba. Fundi cherehani, bibi wa watu, aliketi mbele juu ya kiti kilichong'olewa garini, mkoba mapajani. Hakuja kustarehe. Kaka yake alikuwa amemwahidi kwamba leo, mbele ya watu, angesema ule wimbo wa kufungia onyesho ni wa nani.

Wimbo wenyewe ulijulikana na kila mtu. Aliutunga yeye ujanani, akishona suruali za bendi ya kaka. Mkanda wa cherehani ulikuwa umekatika, akaufunga fundo. Kila fundo lilipopita kwenye gurudumu, mshono uliruka, na wimbo ukaruka nao. Kaka akaubeba hadi studio, pamoja na fundo lake. Kwenye santuri likachapwa jina la kaka peke yake.

"Dada, tulia," kaka, aliyekuwa mshereheshaji wa siku hiyo, alinong'ona akipita. Alikuwa amepaka nywele rangi nyeusi hadi ikafika masikioni. "Nitasema tu."

"Unasema hivyo tangu ukiwa na meno yako mwenyewe."

"Leo ni leo."

"Na hiyo leo yako haijawahi kufika."

Bendi ya mwisho ikapanda jukwaani kuupiga wimbo ule. Mpiga ngoma wao, mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka, alikuwa ameisikiliza ile santuri akaona ina kasoro, naye akaamua kuinyoosha. Alipofika pale pa kuruka, hakuruka.

Vyombo vyote vikanyamaza. Umeme ulikuwepo. Vidole vilikimbia juu ya nyuzi, na mwimbaji alipanua kinywa hadi kimio kikaonekana. Wimbo sasa ulitoka sakafuni, chini ya viatu vya fundi cherehani: gitaa, besi, ngoma, na sauti ya msichana anayeimba midomo imefumbwa kwa sababu imebana pini. Miguu ya fundi cherehani ilikuwa ikikanyaga kama iko juu ya pedali ya cherehani, kisigino, kidole, kisigino, kidole. Penye fundo wimbo uliruka, na gereji nzima ikaruka.

Fundi wa mitambo ya sauti alikuja akalaza kipaza sauti sakafuni.

"Bibi, sogeza kidogo mguu wa kushoto. Besi imezidi."

Akausogeza. Macho yake yalikuwa kwa kaka, aliyekuwa amesimama jukwaani na kipaza sauti chake mkononi. Kaka alimtazama, kisha akaitazama ile miguu.

"Wimbo huu," akasema, "niliutunga nikiwa kijana." Akanyoosha mkono kuelekea kile kiti cha gari. "Na tumpigie makofi dada yangu, ametuazima miguu."

Makofi yakapigwa. Fundi cherehani akaisimamisha miguu. Wimbo ukakatika kama uzi.

"Bibi, vipi tena?" watu wakalalamika. "Utamu ndio unaanza!"

Kaka alishuka mbio, akamwinamia sikioni. "Dada, usiniaibishe. Nitasema onyesho lijalo."

Fundi cherehani aliushika mkoba, akanyanyuka nusu. Wimbo ulikuwa umebakiza ubeti mmoja, unaning'inia. Maisha yake yote hakuwahi kuacha mshono katikati, hata wa nguo ya mwizi. Akaketi. Akakanyaga mpaka mwisho, na kila penye fundo watu wote waliruka, kaka juu kuliko wote.